Mapokeo na Ubunifu katika Upigaji wa Jazi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wanamuziki na Wasikilizaji wa Mwanza

Maswali yaliyokusanywa hapa huulizwa na watu wa aina tatu: wapigaji wa bendi za hoteli na kumbi za Mwanza, vijana wa matarumbeta wanaosindikiza maharusi kutoka Igoma hadi Kirumba, na wasikilizaji wenye umri mkubwa waliocheza dansi enzi ambazo bendi yenye kujiheshimu iliweka neno Jazz katika jina lake. Wote wanauliza jambo linalokaribiana, yaani muziki uliorithiwa unaweza kubadilishwa kwa kiasi gani kabla haujaacha kuwa urithi. Majibu yana msimamo, na msimamo huo ni wa mwandishi. Mwenye maoni mengine ana haki nayo.

Ikiwa mpigaji wa jazi hubuni papo kwa papo, ni kitu gani kinachoitwa mapokeo?

Kinachopokewa ni umbo ambalo ubunifu hufanyika ndani yake. Kwa kawaida bendi ya jazi huanza kwa kupiga tuni kama inavyojulikana, kisha kila mpigaji huchukua zamu ya kubuni juu ya kodi (yaani sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) zilezile za tuni hiyo, zikizunguka tena na tena kwa urefu uleule, na mwishoni wote huirudia tuni. Asiyeujua mzunguko huo husikia mtu anayejipigia apendavyo. Anayeujua humsikia mpigaji akifika kwenye kodi fulani kwa njia ambayo haikutarajiwa, na raha ya jazi iko hapo.

Bluzi ndiyo mfano ulio wazi kuliko yote: vipimo 12, yaani mafungu 12 ya mapigo yenye urefu sawa, na kodi tatu za msingi. Usiku wa tarehe 7 Julai 1956, katika tamasha la Newport nchini Marekani, mpiga saksafoni Paul Gonsalves wa bendi ya Duke Ellington aliizunguka bluzi mara 27 mfululizo, katikati ya kazi ambayo Ellington aliitunga mwaka 1937. Hivyo ni vipimo 324 vya mtu mmoja, na watazamaji waliinuka vitini wakacheza. Kazi ilikuwa na karibu miaka 20, umbo lake lilikuwa na umri mkubwa zaidi ya huo, lakini alichokipiga Gonsalves usiku ule hakuna aliyekuwa amewahi kukisikia.

Yapo pia mambo ambayo noti haziwezi kuyabeba: jinsi ya kuyachelewesha mapigo kidogo bila kuyapoteza, jinsi ya kuifanya tarumbeta ilie kama koo la mtu, na jinsi ya kuitikiana. Haya hupokewa kwa sikio, na kwa kukaa karibu na anayejua.

Ugomvi kati ya walinzi wa mapokeo na wabunifu ulianza lini?

Manung'uniko yalikuwapo tangu mwanzo, lakini ugomvi wa wazi ulizuka katika miaka ya 1940, na sababu mojawapo ya ukali wake husahauliwa mara nyingi. Kuanzia tarehe 1 Agosti 1942 chama cha wanamuziki wa Marekani kiligoma kurekodi kwa ajili ya makampuni ya sahani za santuri kikidai malipo, na mgomo huo haukuisha kikamilifu hadi mwaka 1944. Katika kipindi hichohicho Charlie Parker wa saksafoni, Dizzy Gillespie wa tarumbeta, Thelonious Monk wa piano na wenzao walikuwa wakikutana usiku katika kumbi ndogo za Harlem, hasa Minton's Playhouse, wakiuharakisha mwendo, wakiongeza kodi juu ya kodi, na kujenga tuni mpya juu ya mifuatano ya nyimbo za zamani. Waliokuwa New York waliyaona mabadiliko yakija hatua kwa hatua. Waliokuwa mbali, ambao waliujua muziki kwa sahani tu, hawakusikia chochote cha safari hiyo, kisha mwaka 1945 wakaletewa sahani ambazo wapigaji wake walionekana kama wameangukia duniani kutoka mahali pengine.

Watu wakagawanyika. Upande mmoja ulisema kwamba jazi ya kweli ni ile ya New Orleans, ambayo tarumbeta, klarineti na tromboni huifuma kwa pamoja. Upande mwingine ukawaona hao kuwa ni masalia ya kale. Hata hivyo ukimsikiliza Parker kwa utulivu utaikuta bluzi ya Kansas City katika karibu kila sentensi anayoipiga. Kilichowatenganisha wasikilizaji, kwa maoni ya mwandishi, kilikuwa pengo katika rekodi kuliko pengo katika muziki wenyewe.

Kati ya Miles Davis na Wynton Marsalis, nani alikuwa sahihi?

Swali hili hupendwa na wale wanaosoma habari za jazi kuliko wanavyoisikiliza. Marsalis, mpiga tarumbeta mzaliwa wa New Orleans mwaka 1961, alijitokeza katika miaka ya 1980 akiwa amevaa suti na akisema kwamba jazi isiyo na bluzi na mdundo wa swing (mdundo unaobembea) haistahili kuitwa jazi. Davis, naye mpiga tarumbeta, aliyekuwa amepiga pamoja na Parker akiwa kijana na ambaye tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 alikuwa ameingiza magitaa na vinanda vya umeme, hakuvumilia kufundishwa kazi. Mwaka 1986, katika tamasha la Vancouver nchini Kanada, Marsalis alipanda jukwaani bila kualikwa wakati Davis akipiga, na Davis akaisimamisha bendi hadi mgeni wake aliposhuka.

Kisa hicho kinachekesha, lakini hakithibitishi kitu. Anayeitwa mlinzi wa mapokeo aliendelea kutunga kazi ndefu mpya, na mwaka 1997 akawa mtunzi wa kwanza wa jazi kupewa Tuzo ya Pulitzer ya muziki. Anayeitwa mwasi alikuwa bado akipiga bluzi za mwendo wa polepole mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ukiziweka kazi zao mezani na kuyaacha maneno yao kando, ugomvi unapungua sana.

Je, bendi zetu zilizojiita Jazz zilikuwa zikipiga jazi?

Kwa sehemu kubwa hapana, ikiwa mtu anakusudia muziki wa Wamarekani Louis Armstrong na Ellington. Bendi kama Dar es Salaam Jazz na Morogoro Jazz, zilizokuwapo tangu kabla ya uhuru, pamoja na Tabora Jazz na Western Jazz zilizotamba baadaye, zilipiga dansi ambayo ilijifunza mengi kutoka sahani za Kuba zilizoletwa Afrika na kampuni ya HMV kuanzia mwaka 1933, kisha kutoka kwa Wakongo. Huku ziwani jina hilo lilibebwa na Shirati Jazz ya Daniel Owino Misiani, aliyezaliwa Shirati mwaka 1940 na kufariki mwaka 2006, ambaye muziki wake ulikuwa benga, mtindo wa magitaa wa Waluo.

Undugu upo mahali pengine. Bendi hizo nazo zilikuwa na umbo lililorithiwa na nafasi iliyoachwa wazi: sehemu ya kwanza yenye mashairi, yenye mwendo wa taratibu, na baada yake chemko, ambapo magitaa hushikana, gitaa la ridhimu likikaa mahali pamoja, na mpiga solo akaachiwa uwanja. Katika chemko ndipo ilipojulikana nani ni fundi na nani ni msindikizaji. Mwanamuziki wa jazi kutoka New Orleans asingeelewa mashairi yetu, lakini angeelewa mara moja kwamba zamu ya kusema imefika.

Kwa nini bendi hizo zilibadilisha mtindo mara kwa mara, ikiwa ziliheshimu mapokeo?

Kwa sababu mashabiki walidai hivyo, na kwa sababu mtindo ulikuwa ndiyo nembo ya bendi sokoni. Western Jazz walikuwa na Saboso, Maquis wakapita katika Kamanyola na mingine kadhaa, Vijana Jazz nao hivyohivyo. Mwandishi huvutiwa zaidi na mitindo miwili iliyodumu hadi ikazifunika bendi zenyewe: Msondo wa NUTA Jazz, bendi iliyoanzishwa mwaka 1964, na Sikinde wa Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978. Yote mawili ni majina yaliyochukuliwa kutoka ngoma za pwani. Vyombo vilikuwa vya umeme, tarumbeta zilikuwa za kiwandani, mpangilio wa nyimbo ulikuwa mpya, na bado kibali cha upya huo kiliombwa kwa ngoma.

Je, mapokeo ya Kiafrika hayakatazi mabadiliko?

Dhana hii husemwa sana, mara nyingi na watu ambao hawajawahi kukaa juani kuangalia mashindano ya ngoma Usukumani. Kwa vizazi kadhaa Wasukuma wamekuwa na jumuiya mbili za ngoma zinazoshindana, Bagika na Bagalu, na msimu wa mashindano huja baada ya mavuno. Vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi. Hakuna jaji anayehesabu makosa ya hatua wala kulinganisha wimbo na ulivyoimbwa zamani. Watazamaji ndio wanaohama kwa miguu yao kutoka kundi moja kwenda jingine.

Sharti hilo lina matokeo yake. Kikundi kitakachorudia kilichoonyeshwa mwaka jana kitabaki kikichezea nyasi. Kwa hiyo manju, yaani mtunzi na kiongozi wa nyimbo, huhitaji wimbo mpya unaohusu mambo ya mwaka huu, na wachezaji huhitaji mbinu ambayo wapinzani hawajaiona: kinyago, kichekesho, kifaa kisichotarajiwa, namna mpya ya kushika jembe katika bugobogobo, ngoma ya jembe. Wakati huohuo, kikundi kitakachoacha mapigo yanayotambulika, au kitakachosahau kuitikiana kati ya manju na wafuasi, kitawapoteza wazee, nao ni wengi uwanjani. Kila mwaka manju hutafuta mahali pa kusimama kati ya hatari hizo mbili, na hapo amesimama pia kila mpiga saksafoni aliyewahi kupewa zamu.

Mashindano ya Bulabo yanayofanyika Bujora, karibu na Kisesa katika barabara ya Musoma, huambatana na sikukuu ya Ekaristi na yako wazi kwa watu wote. Mwanamuziki wa Mwanza anayetaka kuelewa ubunifu ndani ya mapokeo angefanya vyema kwenda huko kabla ya kununua kitabu cha nadharia ya jazi.

Kwa nini, basi, wasikilizaji wetu hutaka wimbo upigwe kama ulivyo kwenye rekodi?

Hili ndilo swali linalogusa riziki, kwa hiyo linastahili jibu refu.

Mpigaji wa bendi ya hoteli hapa Mwanza anajua jinsi usiku unavyokwenda. Mteja anaagiza zilipendwa, bendi inaanza, na solo ikitoka nje ya ile inayojulikana hata kwa sauti mbili, mtu aliye meza ya mbele anatikisa kichwa kana kwamba amepunjwa chenji. Meneja naye anaona. Wiki inayofuata kiongozi wa bendi anawaambia vijana wapige kama ilivyo. Baada ya miaka michache ya maisha hayo, mpigaji mwenye kipaji anakuwa mlinzi wa ghala la sauti za watu wengine.

Watu huwalaumu wazee kwa hali hii, nao hawastahili lawama hiyo. Fikiria rekodi zenyewe zilivyopatikana. Sahani ya santuri ya zamani ilibeba takriban dakika tatu kwa kila upande. Hata zilipokuja sahani ndogo za mizunguko 45, wimbo wa dansi uliogawanywa vipande viwili, upande wa kwanza na wa pili, ulikuwa jambo la kawaida katika Afrika Mashariki. Redio Tanzania Dar es Salaam nayo ilizirekodi bendi studioni, bendi nzima ikipiga kwa pamoja, ili nyimbo zitangazwe. Kilichohifadhiwa ni jinsi wimbo ulivyopigwa siku moja, umefupishwa ili utoshe, na wapigaji wakiwa waangalifu kwa sababu kosa lingewalazimu kuanza upya. Ukumbini wimbo huohuo ulirefushwa kadiri wachezaji walivyotaka, na solo ya Jumamosi haikuwa na wajibu wa kufanana na ya Ijumaa. Aliyekuwapo ukumbini alijua hivyo. Sisi tuliokuja baadaye tumebaki na rekodi peke yake, tukaifanya kuwa sheria.

Msimamo wa ukurasa huu ni kwamba rekodi, kuliko mzee yeyote, ndiyo iliyogandisha mapokeo. Na anayeipiga solo ya mwaka 1975 noti kwa noti huku akiamini kwamba anafanya walichofanya wapigaji wa mwaka 1975 amekosea katika jambo la msingi, kwa sababu wao hawakuwa wakikopi solo ya mtu.

Hata katika jazi ya Marekani rekodi imefanya kazi hiyohiyo, ingawa ipo mifano inayotia moyo. Mwaka 1939 mpiga saksafoni Coleman Hawkins alirekodi wimbo wa mapenzi uliokuwa ukijulikana sana, akaigusa tuni mwanzoni tu, kisha akaendelea na saksafoni yake bila kuirudia hadi mwisho. Sahani hiyo iliuzwa vizuri sana kwa watu wa kawaida. Hadhira humvumilia mbunifu kwa kiwango kikubwa kuliko mameneja wanavyodhani, mradi wimbo uanze kwa namna ambayo wataitambua.

Je, kukopi ni kosa?

Kukopi ni shule, na hakuna aliyefika mbali bila kuipitia. Katika kiangazi cha mwaka 1937 Charlie Parker, akiwa kijana wa miaka 16, alikwenda kupiga milimani katika jimbo la Missouri akiwa na sahani ambazo mpiga saksafoni Lester Young alipiga solo, akazihifadhi solo hizo kichwani moja baada ya nyingine. Aliporudi Kansas City watu waliomfahamu walishangaa. Lakini alipofikia utu uzima hakusikika kama Lester Young.

Kinachofaa ni kuijua solo kiasi cha kuweza kuiimba bila chombo, kisha kuihamisha katika ufunguo mwingine, kisha kuuliza kila kipande chake kinafanya kazi gani juu ya kodi iliyo chini yake. Mpigaji akifika hapo hahitaji ruhusa ya kubuni, kwa sababu ubunifu utakuwa umeanza wenyewe. Anayeishia kwenye vidole, yaani anayejua solo kwa mkono bila kuijua kwa sikio, atakwama siku mwimbaji atakapoomba ufunguo ushushwe.

Kiongozi wa bendi ana umri wa baba yangu. Nitamwambiaje kwamba nataka kupiga solo yangu mwenyewe?

Usimwambie jukwaani, wala usimwonyeshe kwa kushtukiza mbele ya watu. Nenda mazoezini mapema, mwamkie, na umwombe jambo dogo lenye mipaka: "Mzee, naomba mzunguko mmoja tu kwenye chemko, kabla tarumbeta hazijaingia." Ni karibu hakika kwamba atakutaka kwanza uipige solo ya asili. Ipige yote, na uipige vizuri. Baada ya hapo mzee mwenye busara hukuachia, na asiyekuachia huwa ana sababu inayohusu bendi nzima, kama vile mpiga bezi ambaye hutegemea solo hiyo ili ajue mahali pa kubadilisha.

Jambo moja zaidi: rudi mahali ulipoahidi kurudi. Vijana wengi hawanyimwi nafasi kwa sababu ya walichopiga, wananyimwa kwa sababu walizidisha mizunguko.

Vijana wa matarumbeta wana nafasi katika mjadala huu?

Wana nafasi kubwa, ingawa ni nadra kuwasikia wakiitwa wanamuziki wa jazi, na wao wenyewe hawajiiti hivyo. Kundi la tarumbeta, tromboni na ngoma lililopanda nyuma ya gari dogo la mizigo, likipiga mfululizo kutoka kanisani hadi ukumbini huku ndugu wa bibi harusi wakicheza barabarani, liko karibu na asili ya jazi kuliko bendi nyingi zenye kinanda na taa. New Orleans ilianza hivyohivyo, kwa bendi za shaba zilizosindikiza mazishi na sherehe mitaani.

Mfano wao mzuri ni Dirty Dozen Brass Band, walioanza mwaka 1977 katika mji huohuo. Kufikia wakati huo bendi za shaba za New Orleans zilionekana kuwa za wazee. Vijana hao walibaki na ngoma, na tuba, na mwendo wa kutembea, lakini wakaingiza tuni za Parker na midundo ya funki, na wakaongeza kasi. Walilaumiwa kwa hilo. Leo bendi za vijana za mji ule hupiga kwa namna inayowadai wao kwa kiasi kikubwa.

Kwa Mwanza, hatua ya kwanza haihitaji fedha: tarumbeta moja ishike tuni ya wimbo wa harusi, ya pili iitikie kwa maneno yake yenyewe, kisha zibadilishane. Wapigaji wengi tayari hufanya hivyo wakichoka kurudia.

Je, ninaweza kupiga jazi kwa zeze, enanga au nyatiti?

Ndiyo, na usidhani utakuwa wa kwanza kuunganisha mambo haya. Mulatu Astatke wa Ethiopia, baada ya kusoma muziki Uingereza na Marekani, alijenga jazi juu ya ngazi za sauti za nyumbani kwao. Mpiga piano Abdullah Ibrahim wa Afrika Kusini alifanya kazi ya namna hiyo kwa nyimbo za Cape Town. Mpiga piano Herbie Hancock wa Marekani alipoupiga upya mwaka 1973 wimbo wake wa mwaka 1962, aliufungulia kwa sauti ya chupa inayopulizwa kwa kuiga filimbi ya watu wa msitu wa Afrika ya Kati. Kwa hiyo toleo lililosikika la kisasa zaidi lilikuwa limeongezewa kitu cha kale zaidi.

Tahadhari ni moja, nayo ni ya kiufundi. Enanga ya Bukoba na Ukerewe, sawa na nyatiti yenye nyuzi nane ya Waluo, hukazwa kufuata sauti ya mwimbaji, si kufuata piano. Ukilazimisha chombo hicho kiingie katika kodi za saksafoni utapata sauti dhaifu isiyo ya huku wala kule. Njia iliyozaa matunda katika ziwa hili ilikuwa kinyume chake: wapiga magitaa wa benga ndio walioifuata nyatiti, wakaiga jinsi nyuzi zake zinavyojibizana, wakaliacha gitaa lijifunze kwa mkubwa wake. Anza kwa kumwacha mpiga enanga apige peke yake anavyojua, kisha bezi imtafute.

Kinanda chenye mapigo yaliyohifadhiwa tayari ni ubunifu?

Ni nafuu ya gharama, na hakuna aibu katika nafuu. Lakini mapigo yasiyosikia hayawezi kuitikia, na mpiga solo anayepiga juu yake anaongea na ukuta. Kama bajeti inaruhusu mtu mmoja tu wa kuongeza, ongeza mpiga tumba.

Wapo wabunifu walioacha kodi kabisa. Hao nao wamo ndani ya mapokeo?

Mpiga saksafoni Ornette Coleman alipoanza kupiga katika ukumbi wa Five Spot mjini New York mwezi Novemba 1959, akiwa na saksafoni ya plastiki na bendi isiyokuwa na piano, wanamuziki wakubwa walikwenda kumsikiliza na kutoka wakiwa wamegawanyika. Aliacha mfuatano wa kodi, lakini hakuiacha bluzi, wala besi na dramu hazikuacha kutembea. Ukimsikiliza baada ya kuzoea manju anayeimba bila kinanda nyuma yake, pengine utamwona kuwa ni wa kawaida kuliko walivyomwona wao.

Wapo wengine waliokwenda mbali zaidi, na si kila kilichopigwa kwa jina la uhuru kinafaa kusikilizwa mara ya pili. Kipimo cha mwandishi ni kimoja: je, wapigaji wanasikilizana? Ukimwondoa mmoja na wengine wakaendelea vilevile, basi hapakuwa na mazungumzo.

Nikiubadilisha mpangilio wa zilipendwa na kuurekodi, nahitaji ruhusa?

Ndiyo, ikiwa wimbo bado unalindwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mtunzi haki ya kuamua kuhusu kupangwa upya kwa kazi yake, na haki hiyo hupita kwa warithi wake. Mtunzi kuwa marehemu, au wimbo kupigwa kila mahali, hakuufanyi kuwa mali ya umma. Kupiga ukumbini na kurekodi ili kuuza ni mambo mawili yenye vibali tofauti, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, ndiyo ya kuulizwa. Sheria hiyohiyo inagusa pia sanaa za jadi, kwa hiyo wimbo wa Bagika au Bagalu usichukuliwe kama kitu kilichookotwa. Mtafute manju, mweleze unachotaka kukifanya, na makubaliano ya malipo yaandikwe kabla ya kuingia studioni.